Bloka ilizimika na hakuna aliyejua: kisa cha saiba moja hapo Tom Mboya

Hii stori nimekaa nayo miezi kadhaa nikijiuliza kama niandike ama niachane nayo, lakini kila nikiingia saiba town naona kitu ile ile, bloka ya kuzuia matangazo imezimika na mwenyewe hajui, kwa hivyo wacha niandike yote venye ilitokea, hatua kwa hatua, maana kuna mtu ako na saiba mahali anasoma hii na mashini zake ziko hivyo hivyo na hajui.

Saiba yenyewe iko ghorofa ya pili kwa jengo moja karibu na Tom Mboya Street, hapa Nairobi. Kompyuta sita, printa mbili, mashini ya kulaminate na benchi ya kungojea. Mwenyewe ni mama ambaye amefanya hii kazi zaidi ya miaka kumi, mimi humwita mathe, yeye huniita fundi, na kwa kaunta ako na kijana mmoja mwerevu sana. Wateja ni wale unajua: mtu wa kufaili ushuru KRA, mwanafunzi wa mkopo wa HELB, mzazi wa kutafutia mtoto nafasi ya chuo KUCCPS, mtu wa kuandikiwa CV, na wengi kabisa ni wa cheti cha tabia njema, ile sisi wote tunaita good conduct, maana bila hiyo kazi nyingi hupati siku hizi.

Septemba 2025, Jumanne asubuhi, mathe akanipigia. "Fundi, kuja. Kuna mzee ameliwa pesa hapa kwangu, kwa mashini yangu."

Nilipofika mzee alikuwa bado ameketi kwa ile benchi. Miaka hamsini na kitu, alikuwa amepata kazi ya usoja huko Industrial Area, wakamwambia alete good conduct ndio aanze. Alhamisi iliyopita alikuja saiba, kijana wa kaunta alikuwa amebanwa na foleni ya watu wa kuprinti, akamwambia "mzee keti mashini namba tatu, andika good conduct hapo juu, nakuja kukusaidia." Mzee akaandika. Majibu yakatoka, akabonyeza ya kwanza kabisa, si ndio kila mtu hufanya? Ikafunguka page iko na ngao ya serikali, rangi ni zile zile, fomu ya jina na namba ya kitambulisho, akajaza. Mwisho ikamwambia alipe 1,050, halafu ikamuuliza kama anataka ya haraka aongeze 1,500. Yeye kazi ilikuwa inamngoja, akaongeza. Akalipa 2,550 kwa till namba, ikatoka karatasi iko na bakodi, kijana akaprinti bila kuangalia vizuri, mzee akalipa ya kuprinti akaenda.

Jumatatu akaenda Huduma Centre ya GPO kuwekwa alama za vidole. Akapanga laini, akafika dirishani, akaambiwa hiyo maombi haiko kwa mfumo. Hakuna. Ile karatasi ni karatasi tu.

Nataka niseme kitu hapa kabla niendelee. Watu wengi wakisikia hii stori kitu ya kwanza wanasema ni "lakini mzee angeangalia." Mimi sikubali hiyo. Huyu mtu aliletwa kwa mashini ambayo si yake, akaambiwa aandike neno, akabonyeza kitu ya kwanza kwa majibu. Mwenye mashini ndiye anajua iko na nini ndani, na fundi wa hiyo mashini ni mimi.

Nikaanza na historia ya brauza kwa namba tatu. Nilikuwa na bahati, kijana hakuwa ameifuta. Pale Alhamisi iko wazi kabisa: ametafuta, halafu page ya pili ni anwani iko na neno ecitizen ndani, jina la tovuti ya huduma za serikali, lakini inaishia na .com, sio .go.ke, na nyuma yake kuna mkia mrefu wa herufi na namba. Huo mkia ndio ulinifanya nikae chini. Ni alama ambayo mfumo wa matangazo huweka ili mwenye kulipia tangazo ajue huyu mtu ameingia kupitia tangazo lake. Kumaanisha mzee hakubonyeza jibu, alibonyeza tangazo. Mtu alilipa ndio page yake feki ikae juu ya ile ya ukweli, na hapo kando kulikuwa na kaneno kadogo ka kusema imelipiwa, kale ambako hata mimi saa zingine sikaoni.

Sasa hapo nikashangaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka bloka inaitwa uBlock Origin kwa hizo mashini zote sita 2023, ni ekstensheni, yaani kaprogramu ka kuongeza kwa brauza, na hiyo huwa inaficha matangazo ya juu kwa majibu ya kutafuta. Ilifaa mzee asione hicho kitu kabisa. Nikafungua orodha ya ekstensheni. Iko pale, imezimwa, na maandishi kando yake kwamba haitumiki tena kwa hii brauza. Kijana akasema "aaah, hiyo iliwahi kuja kwa skrini, nikabonyeza sawa." Angefanya nini, kuna watu kumi wanamngoja.

Nikaenda namba moja, mbili, nne: imezimwa. Namba tano na sita nikakuta inafanya kazi vizuri tu! Hizo mbili ndizo mashini za zamani, ziko kwa Windows 7, na brauza ya Chrome iliacha kutoa matoleo mapya ya Windows 7 tangu mwanzo wa 2023, toleo la mwisho likiwa 109. Brauza yao ilikuwa imeganda hapo 109, kwa hivyo yale mabadiliko hayakuwafikia. Ukiangalia hivi, hiyo ilinipea kitu ambacho fundi hapati kila siku: mashini nne bila bloka na mbili ziko na bloka, kwa chumba kimoja, kwa intaneti moja. Nikaandika maneno yale yale ya mzee kwa zote sita, nikarudia rudia. Namba tatu mara mbili za kwanza ikaleta matangazo mengine ya kawaida, mara ya tatu ikaleta ile page yenyewe, iko juu kabisa, siku tano baadaye na bado iko hewani. Kwa tano na sita haikutokea hata mara moja, jibu la kwanza lilikuwa eCitizen ya ukweli.

Mathe alikuwa amesimama nyuma yangu akiangalia. Hakusema kitu muda mrefu, halafu akasema "kwa hivyo angeketi tu pale kwa ile mbovu."

Hapo ndio kiini cha hii kesi. Na msinielewe vibaya eti nasema mukae na Windows 7, hapana, hizo mbili zilikuwa na mashimo mengine ya usalama ambayo hayazibwi tena na ilibidi zitoke. Lakini kwa hili jambo moja zilikuwa salama na zile mpya hazikuwa.

Wacha nieleze ni nini ilizima bloka, maana watu wanadhani ni virusi. Ekstensheni zinaandikwa kwa kufuata kanuni za brauza, na kwa Chrome kanuni za zamani zinaitwa Manifest V2, mpya ni Manifest V3. Kwa ile ya zamani ekstensheni ilikuwa kama soja amesimama kwa geti, kila kitu page inataka kuvuta kutoka nje kinapita kwake kwanza, anakiangalia, anaamua papo hapo aruhusu ama akatae. Kwa mpya soja hakai getini tena, anaandika orodha mapema anaikabidhi brauza, na brauza yenyewe ndiyo inakagua kwa kufuata hiyo orodha, na orodha iko na mipaka ya urefu na ya aina ya sheria zinazoruhusiwa. Google wanasema walibadilisha kwa sababu ya usalama na kasi, na kweli kuna ekstensheni mbaya zilikuwa zinatumia ile nguvu ya zamani kusoma mambo ya watu. Lakini uBlock Origin ilikuwa imejengwa juu ya ile nguvu, ikabaki nje. Kuanzia 2024 Chrome ikaanza kuzima za V2 polepole, kufikia katikati ya 2025 ikamaliza. Hii ilitangazwa miaka mingi kabla. Mimi nilijua inakuja, kwa laptopu yangu nilihamia brauza ingine, Firefox, mapema, na sikurudi hapo Tom Mboya kuangalia wateja wangu. Hiyo nilimwambia mathe hivyo hivyo, uso kwa uso, kwa sababu ndio ukweli.

Vitu vingine nilikuta siku hiyo nitataja haraka tu. Namba moja ilikuwa na ekstensheni ya kubadilisha PDF ambayo ilikuwa na ruhusa ya kusoma kila kitu kwa kila tovuti, nikaitoa. Namba mbili ilikuwa inaleta meseji kwa kona kwamba kompyuta iko na virusi kumi na tatu, lipa sasa, na hiyo si virusi wala si tangazo ndani ya page, ni notifikesheni, mtu aliangalia mpira kwa tovuti ya bure akabonyeza ruhusu. Bloka haiwezi kutoa hiyo ikisharuhusiwa, unaingia setingi za brauza unafuta hiyo tovuti kwa wale walioruhusiwa, halafu unafunga ombi lenyewe lisiulizwe tena.

Sasa dawa. Hapa ndio nilikaa sana, siku mbili nzima, kwa sababu kuna njia nyingi na kila moja iko na shida yake.

Ya kwanza ambayo kijana alipendekeza ni kuweka DNS ya kuzuia matangazo kwa rauta, DNS ni ile huduma inageuza jina la tovuti kuwa namba ya kuifikia, mara moja na zote sita zimefunikwa. Ni kitu poa na kwa simu ya Android naipenda, kuanzia Android 9 kuna mahali pa kuandika DNS ya kibinafsi na bando yako inapumua. Lakini DNS inajua jina la tovuti peke yake. Inaweza kukataa jina zima, haiwezi kuingia ndani ya page itoe kipande kimoja. Na tangazo la juu kwa majibu ya kutafuta linakuja kutoka kwa tovuti ile ile ya majibu, kwa page ile ile. Mzee bado angeliona. Kwa hiyo DNS kama nyongeza sawa, kwa hii kesi haitoshi.

Ya pili ni kubaki na Chrome na kuweka uBlock Origin Lite, ambayo ni ya yule yule Raymond Hill aliyeandika ile kubwa, lakini kwa kanuni mpya. Hii inafanya kazi, msiamini wale wanasema Chrome imekufa kabisa. Ila iko na viwango vya kuchuja, vinne, kutoka bila kuchuja mpaka kamili, na kile cha msingi kinazuia tu vitu vinavyovutwa kutoka nje, hakifichi vipande ndani ya page. Ikikaa kwa msingi unaona ikoni iko, unatulia, na lile tangazo la juu bado linaweza kukaa pale. Lazima uinue. Na orodha zake za kuchuja zinabadilika wakati ekstensheni yenyewe inapopata toleo jipya, haziendi kujichukulia peke yake kama ile kubwa.

Ya tatu ni Firefox na uBlock Origin yenyewe, maana Mozilla, wenye Firefox, wamesema wanaendelea kukubali kanuni zote mbili. Hapo unapata kila kitu, orodha za kuchuja kama EasyList na EasyPrivacy zinajisasisha zenyewe, na zinatunzwa na watu wa kujitolea ambao wanakaa wakiongeza sheria kila siku, maze hawa watu naheshimu sana.

Nikaamua Firefox iwe ndiyo inafunguka kwa zote, Chrome ibaki na Lite kwa kiwango cha kamili kwa sababu kuna wateja ambao wakiona brauza tofauti wanaogopa. Halafu kitu ambacho sikuwa nimefanya 2023: nikaifunga. Firefox inakubali faili moja inaitwa policies.json, unaiweka kwa folda inaitwa distribution ndani ya pale Firefox imesakiniwa, na ndani unaandika ekstensheni gani lazima iwepo na haiwezi kutolewa, na kwamba tovuti zisiulize mambo ya notifikesheni. Sasa mteja hawezi kuitoa, kijana hawezi kuitoa akiwa na haraka. Kwa mstari wa juu nikaweka alamisho za eCitizen, KRA, HELB na KUCCPS, ili mtu asitafute kabisa, abonyeze tu afike. Namba tano na sita nikaondoa Windows 7 nikaweka mfumo wa bure, Linux Mint, zikafufuka.

Na angalieni jina wakati mnaweka, tafadhali. Ni uBlock Origin. Kuna zingine ziko na majina yanakaribiana ambazo si za huyu jamaa. Yeye hachukui hata michango ya pesa, kwa hivyo ukiona mahali unaambiwa lipa ndio upate, toka. Na kuna bloka zingine zinazojulikana ambazo zinaacha matangazo fulani yapite kwa makusudi, Adblock Plus wako na huo mpango wa matangazo yanayokubalika tangu 2011, unaweza kuuzima kwa setingi zao, lakini ukiacha venye imekuja usishangae ukiona kitu kimepita.

Tulibishana kidogo pia. Kijana wa kaunta ako na chaneli yake ya video anaweka vichekesho, na kale kapesa anapata ni ka matangazo. Akaniuliza kwa upole tu, "fundi, sasa kila mtu akiweka hii, sisi tunakula nini?" Sikumpuuza na sitaki mtu yeyote apuuze hilo swali. Magazeti yetu pia yanaishi kwa hayo matangazo, na mwandishi wa habari anahitaji kulipwa. Nilichomwambia ni kwamba bloka iko na kitufe cha kuruhusu tovuti moja moja, na tukaketi pamoja na mathe tukachagua: magazeti mawili ambayo wateja husoma, na tovuti moja ya kazi ambayo inakataa kufunguka ukiwa na bloka. Chaneli yake tukaacha aamue mwenyewe kwa simu yake. Lakini kwa page ya majibu ya kutafuta, pale mtu anapotafuta huduma ya serikali, hapo mimi sina mjadala. Hata FBI ya Marekani, Desemba 2022, ilitoa onyo kuhusu matangazo ya kuiga kampuni za ukweli kwa majibu ya kutafuta, na moja ya ushauri wake ikawa watu watumie ekstensheni ya kuzuia matangazo.

Bloka peke yake pia haitoshi, hiyo tuliongea. Linki feki inaweza kuja na WhatsApp, na hapo hakuna tangazo la kuzuia. Kwa hiyo mathe akaandika kwa karatasi kubwa, akabandika juu ya kila skrini, kwa mkono wake: anwani ya eCitizen inaishia .go.ke, na malipo ya eCitizen yanaenda Paybill 222222, ukiona till ama namba ya mtu, ita kaunta. Hiyo paybill moja ilianza 2023, na wateja wengi hawakuwa wanaijua, hata waliolipa nayo mara nyingi walikuwa wanafuata tu maandishi kwa skrini.

Mzee alienda kituo cha polisi akapewa OB, ile namba ya kuonyesha ameripoti. Pesa yake haijarudi mpaka sasa. Siku ile ile mathe alitoa 1,050 kwa droo yake akamketisha kwa kaunta, kijana akamfungulia eCitizen ya ukweli, wakajaza pamoja, wakaprinti ile invoisi na ile fomu ya vidole ya C24, mbele na nyuma kwa karatasi moja venye inatakikana, na hakumtoza ya kuprinti. Mzee alimshika mkono akashindwa kuongea. Kazi ilimngoja, namshukuru huyo mwajiri ambaye simjui.

Tangu hapo kijana ako na daftari. Kila Jumatatu kabla afungue mlango anawasha zote sita, anatafuta "good conduct" kwa kila moja, anaangalia ni nini iko juu na kama ile ngao nyekundu ya uBlock imewaka, anaweka tiki na tarehe. Wiki jana alinipigia saa mbili kasoro asubuhi, wateja wameanza kupanda ngazi tayari. "Fundi, kwa Chrome ya namba nne hiyo Lite imerudi kiwango cha msingi, sijui nani ameguza. Nimeiinua, na nimeandika."

Nikamuuliza ilikuwa imeleta nini juu.

"Tangazo la visa. Nimelipiga picha, nakutumia."